Mfupa Uliofungwa Uzi

Maabara ile ilikuwa na baridi ya kukaa mwilini, baridi isiyotoka hata mtu avae sweta mbili, na waliofanya kazi humo walizoea kusema kwa sauti ya chini kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa amelala. Mgonjwa hakuwepo. Zilikuwepo friza, msumeno mdogo wa kukatia mifupa, na mashine ya kukandamiza iliyosimama pembeni kama mlinzi asiyepumzika.

Mwanamke aliyeutumia msumeno huo walimwita Msumeno, naye aliitika. Jina la ndoa lilimchoma. La utani halikuwa na kumbukumbu ndani yake. Ulikuwa mwaka wa tano tangu mumewe atoke asubuhi akiwa dereva na kurudishwa jioni akiwa marehemu, na mwaka wa tano tangu watu waanze kumsifu. Mjane yule ana moyo wa chuma, walisema. Hajayumba, hajalia mbele za watu, bado anakaa na mama mkwe wake kama mtu na mamaye mzazi. Alizipokea sifa hizo kama mtu anavyotwishwa mzigo kichwani: shingo imenyooka, macho mbele, hakuna kugeuka.

Mchana mmoja alifungua friza akatoa chupa ya kazi ya siku. Ndani mlikuwa na kichwa cha mfupa wa paja, ule unaozunguka kwenye nyonga, umefungwa shashi yenye maji ya chumvi. Chupa za pale, zenye mifupa iliyotolewa kwa wagonjwa hospitali ili ipimwe nguvu, zilikuwa na namba tu. Mwenye mfupa hakutakiwa kujulikana.

Lakini shingo ya chupa hii ilikuwa imefungwa uzi. Uzi wa buluu, umesokotwa mara mbili, una fundo dogo la mtu aliyezoea kushona vifungo.

Mkono wake uliutambua kabla ya kichwa chake. Nyumbani kwao, nyuma ya mlango wa sebule, palitundikwa shati la buluu la marehemu. Mama mkwe alilifua kila wiki, akalipiga pasi, akalirudisha msumarini. Alipovunjika nyonga na kulazwa awekewe ya chuma, aliomba aletewe shati hilo alale nalo. Lilirudi nyumbani pamoja naye, limepungua kifungo kimoja. Msumeno aliona, akanyamaza. Katika nyumba ile mambo ya shati hayakuulizwa.

"Wewe, mbona umeganda? Friza ni ile pale."

Alikuwa Mhandisi, mtu wa mashine ya kukandamiza. Mrefu, mpole, kola ya shati lake haijawahi kukaa sawa hata siku moja. Kwa zaidi ya mwaka wamefanya kazi meza moja, yeye Msumeno akikata, yule akipima, na mapenzi yakaingia polepole kama maji yanavyopanda ukutani. Hakuna aliyeyaona yakianza, waliona tu ukuta umelowa.

"Mfupa huu namjua mwenyewe," alisema Msumeno.

"Hatutakiwi kumjua."

"Hatutakiwi. Lakini namjua. Ni wa mama."

Mhandisi aliuangalia uzi, kisha akamwangalia usoni. Hakuuliza mama yupi. "Basi urudishe. Apime mtu mwingine."

"Angetaka apime mtu mwingine asingefunga uzi."

"Unajua kwa nini ameufunga?"

Alijua. Ndiyo maana vidole vilikuwa vya baridi kuliko chupa.

Mwezi uliopita Mhandisi alikuja kwao kwa mara ya kwanza, jioni, amevaa vizuri, kuja kumsalimu mama mkwe na kusema nia yake kama mtu mzima. Alibisha hodi getini. Mama mkwe alikuwa peke yake uani. Aliinuka aende kumfungulia, na kabla hajafika akaanguka, nyonga ikavunjika. Alipopata fahamu za kusema, maneno yake ya kwanza kwa mkwewe yalikuwa haya: "Amenisukuma. Mwanangu amenisukuma nisimfungulie huyo mwanaume. Marehemu amekataa."

Tangu siku hiyo habari ya ndoa ilifungwa. Nani atabishana na maiti?

Msumeno aliwasha msumeno. Ukazunguka taratibu, maji yakiudondokea mfupa usipate joto. Ganda la nje lilifunguka, na ndani ukaonekana mfupa wenyewe, ule wenye matundu kama sega la nyuki, vijiti vyembamba vimeshikana mikono. Vijiti hivyo hujipanga kufuata mzigo uliobebwa. Mwanamke aliyebeba ndoo, aliyebeba watoto, aliyesimama jikoni maisha yake yote, mfupa wake umepangwa hivyo, na fundi akikata kinyume na mpangilio huo anapima uongo. Alikata kwa kufuata. Akapata vipande vitatu vya ukubwa wa kete ya kuchezea, akaviosha uboho, akakiweka kimoja juu ya sahani ya mashine chini ya taa, viwili akavirudisha kwenye shashi yenye maji.

"Kesho asubuhi naondoka," alisema Mhandisi.

Mkono wa Msumeno ulisimama hewani. "Ulisema mwisho wa mwezi."

"Wameniita mapema. Mji mwingine, mashine nyingine. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia tangu asubuhi, ndiyo hii nimeipata, mbaya hivi hivi ilivyo."

"Nenda salama."

"Ndiyo hivyo tu? Nenda salama?"

"Unataka nikuimbie?"

"Nataka uniangalie." Alisogea, akasimama upande wa pili wa meza. "Wenzangu hukutana na wachumba wao kwenye harusi za watu. Mimi nimemkuta wangu kwenye friza, nikasema sawa, Mungu ana njia zake. Kila siku nakwambia nakupenda, unanijibu 'shika kipande hiki.' Nimeshika vipande vingi, Msumeno. Mikono imejaa."

Msumeno alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikarudi. "Una mchezo wewe. Mimi nina nyumba yenye watu watatu, na mmoja wao hali chakula."

"Bado anakuja?"

"Kila jioni. Saa ile aliyokuwa akirudi kazini, komeo la geti linatikisika. Mara moja tu. Hakubisha hodi maisha yake, ilikuwa nyumba yake. Mama anasema, 'Huyo kaja,' na sisi wote tunanyamaza."

"Na mkifungua?"

"Hatujawahi kufungua."

"Miaka yote hiyo?"

"Tukifungua tukamkuta, tutafanya nini? Na tukifungua tusimkute?" Sauti ilimpasuka kidogo, akaikusanya. "Wewe unaona ni upepo. Sema. Sema ni upepo, msomi."

"Sijasema ni upepo. Nimekuuliza kama unanipenda."

"Niulize jingine."

"Sina jingine."

Wakabishana. Wakabishana kama wanavyobishana watu wanaopendana, kwa maneno makali yanayosemwa kwa sauti ya chini. Mhandisi alimwambia ni mwoga. Msumeno akamjibu kwamba jasiri ni yule asiye na mtu wa kumwacha nyuma. Alimwambia anamwonea wivu mtu aliyelala kaburini. Mhandisi akasema ndiyo, anamwonea, maana yule amelala na bado anafuliwa shati. Hapo mwenyewe akaomba radhi. Wenzao wakatoka kwenda chai, wakarudi, wakaondoka tena. Kipande kilikuwa pale chini ya taa kikiwangoja, na hakuna aliyekifunika.

"Tupime," alisema Msumeno hatimaye. "Tupime mwenyewe ajibiwe. Yaishe."

Mhandisi aliketi mbele ya skrini. Mashine ilishuka ikakigusa kipande, ikakibonyeza kidogo, ikaachia. Ikabonyeza, ikaachia. Ikabonyeza, ikaachia. Mara tatu, kwa upole, ili mfupa na chuma vizoeane, hizo hazihesabiwi. Pale maabara waliita kubisha hodi. Baada ya hodi ya tatu ndipo mashine huingia kwa nguvu zake zote.

Iliingia. Mstari kwenye skrini ukapanda. Ukapanda, ukapanda, umenyooka kama fimbo, ukapita pale walipozoea kuona mifupa ya wanawake wa umri ule ikichoka. Kisha tak! Kipande kikapasuka bila kuaga, unga mweupe ukaruka juu ya sahani.

Msumeno aliisoma namba. Akaisoma tena.

"Mzima," alisema. "Mfupa ulikuwa mzima kabisa."

"Subiri."

"Ulikuwa na nguvu kuliko wa msichana. Mfupa wa namna hii hauvunjiki kwa mtu kutembea uani." Midomo ilikuwa imekauka. "Alisukumwa. Mama alisema kweli. Alimsukuma."

"Msumeno, subiri nakwambia." Mhandisi aliuchota ule unga kwa ncha ya kidole, akausugua, akautazama. Kisha akainua uso kuitazama taa, na rangi ikamtoka. "Umekauka. Tumeuacha chini ya taa tukigombana. Mimi ndiye wa mashine, ilikuwa juu yangu kuukagua kabla sijauweka, sikuukagua. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Usiseme hivyo kwa sababu unanitaka."

"Nakutaka, sikatai. Na mfupa umekauka, vile vile sikatai. Vyote viwili ni kweli." Alisimama. "Mfupa mkavu unajifanya mgumu. Unatoa namba kubwa, kila mtu anausifu, halafu unapasuka mara moja. Uliolowa huinama kwanza. Hukwambia nimechoka." Alipoendelea hakuwa akiutazama mfupa. "Miaka mitano wanakusifu. Mimi nikisikia wanakusifu naogopa."

Msumeno alimpiga kofi. Si kofi kubwa. Glavu ilikuwa imelowa, likatoa sauti kama samaki aliyedondoka sakafuni. Wote wawili walishtuka.

"Viko vipande viwili," alisema Mhandisi polepole, mkono hauendi shavuni. "Vimo kwenye maji. Upime mwenyewe. Mimi natoka, nisiiguse mashine, nisije nikaambiwa nimeitia mkono. Wala namba usinionyeshe. Jioni nitakuja kwenu kuaga. Nitabisha hodi kama mgeni. Usinifungulie kwa ajili ya namba, wala usinifungie kwa ajili ya namba. Ukikaa kimya nitaondoka, na sitasema wewe ni mbaya."

Alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka, akamtazama kwa macho ya mtu anayekariri sura ya kitu asichokuwa na uhakika wa kukiona tena. Kisha mlango ukajifunga.

Msumeno alibaki na baridi na mashine. Alimwomba Mungu asimwache aone anachotaka kukiona. Akakitoa kipande cha pili kwenye shashi kikitiririka maji, akakiweka, akakifunika kwa shashi nyingine. Hodi, hodi, hodi. Mashine ikaingia. Safari hii mstari ulipanda kidogo, ukalegea, ukapinda kama mtu mzima anayetafuta mahali pa kukaa. Hakuna kilicholia. Kipande kiliinama tu.

Akapima cha tatu. Kikainama vile vile.

Alijishikiza mezani. Kwa muda mrefu alisimama hivyo, na kama angeingia mtu angesema mwanamke yule anaomba, au anaumwa.

*

Jioni ilimkuta mama mkwe sebuleni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, gongo la kutembelea limeegemezwa ukutani. Shati la buluu lilikuwa nyuma ya mlango. Mwanga wa mwisho wa jua uliingia kwa dirisha ukalishika begani, na kwa nukta moja lilionekana limejaa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nimekuwekea chai, imekuwa maji ya kuogea."

"Nitainywa hivyo hivyo."

Alikaa kitako sakafuni karibu na kigoda, kama alivyokaa siku zote. Mama mkwe alimtazama utosi.

"Uliuona uzi?"

"Niliuona."

"Muuguzi alicheka. Alisema, bibi, mfupa si mzigo wa sokoni uutie alama. Nikamwambia niache nifunge mwenyewe, mwanangu ana mtu wake kule maabara, atautambua." Alimeza mate. "Sikutaka watu wa vitabu waniambie. Wao husema lolote. Nilitaka uniambie wewe. Mfupa ulivunjika kwa sababu nilianguka, au nilianguka kwa sababu ulikuwa umeshavunjika?"

Msumeno alikishika kikombe kwa mikono miwili. Angeweza kuitaja namba ya kwanza. Ilikuwa namba ya kweli, mashine iliiandika. Mzee angetulia, marehemu angebaki amekataa, geti lingebaki limefungwa, na yeye angeendelea kusifiwa mpaka siku ya kupasuka.

"Tulipima mara tatu," alisema. "Cha kwanza tulikiharibu, mama. Mimi na Mhandisi tulikuwa tunagombana, kikakauka chini ya taa. Kikaonyesha nguvu nyingi. Ni nguvu za uongo."

"Na vingine?"

"Vingine nilivilinda mwenyewe. Viliinama." Sauti ilianza kumtetemeka naye akaiacha itetemeke. "Ulikuwa umechoka, mama. Ulichoka zamani, kabla ya jioni ile. Mashine haijui kilichokuangusha. Lakini mfupa wa namna ile hauhitaji kusukumwa. Kuinuka kitini kunatosha."

Vidole vya mama mkwe vilitembea kwenye gauni, vikakunja kitambaa, vikakikunjua.

"Kwa hiyo hakunisukuma."

"Sijui mambo ya huko alipo. Najua ya mfupa."

"Mwezi mzima nimelala namchukia." Yule mzee alisema kwa sauti ndogo mno. "Mwanangu mwenyewe. Namfulia shati, na moyoni nasema, mtoto gani anamwangusha mamaye? Nikaona heri achukiwe, mradi yupo. Maana kama hakunisukuma yeye, basi pale uani nilikuwa peke yangu." Machozi yalishuka yakifuata mikunjo ya uso kama maji yanayojua njia. "Peke yangu, mwanangu. Nimeanguka kama gogo, na hakuna mtu."

Hapo Msumeno alilia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye paja zima la mama mkwe, kilio cha miaka mitano kilichokuwa kimekaushwa kama nguo kambani. Mzee alimshika kichwa, akamlaza, akambembeleza kwa yale maneno yasiyo na maana ambayo mama humwambia mtoto. "Lia. Lia wewe. Nilikuwa nakungoja ulie ndipo nilie na mimi. Kumbe na wewe unaningoja. Tumekaa humu kama mawe mawili ya meko, sufuria haipo."

"Mama!"

"Si kweli? Mawe mawili hata sufuria hayasimamishi." Akacheka na kupenga kamasi kwa pamoja. "Kofi ulimpiga nani?"

"Nani kakwambia nimempiga mtu?"

"Umeingia unaficha mkono."

Kabla hajajibu, komeo la geti lilitikisika.

Mara moja. Kama kila jioni.

Jua lilikuwa limeshazama, na sebule ilikuwa na ile rangi ya majivu isiyo mchana wala usiku. Nyuma ya mlango shati lilisogea kidogo, au halikusogea.

"Huyo kaja," alinong'ona mama mkwe.

Kimya. Kikakaa. Kikajaza chumba.

Kisha, taratibu, ngo. Ikapita pumzi nzima. Ngo. Ikapita pumzi nyingine. Ngo.

"Hodi wenyewe," sauti ya mwanaume ikasema nje, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Mama mkwe alimshika mkono mkwewe. Mkono ulikuwa wa moto. Macho yake yalikuwa mlangoni, yanatazama mbali kuliko mlango.

"Wako wawili," alisema.

"Mama, naogopa."

"Na mimi naogopa. Nani asiyeogopa? Nipe gongo langu."

Alimpa. Mzee alijiinua kwa shida, nyonga ya chuma ikikubali polepole, akavuta hatua mpaka nyuma ya mlango, akalitoa shati msumarini. Alilinusa mara moja. Akalikunja, mikono ndani, kola juu, kama shati la mtu anayesafiri, akamwekea mkwewe mikononi.

"Kafungue," alisema. "Mpishe mmoja aingie, mwingine atoke."